Nafasi ya Kazi: Shaweji Mmoja

Nchi yenyewe hamuijui, na mkishaijua msinitaje. Inaitwa Jamhuri ya Mchakato. Iko mbali sana, huko ambako mvua ikinyesha inaundwa kwanza kamati ya kuthibitisha kama yaliyoanguka ni maji. Wimbo wao wa taifa una beti mbili, wa tatu bado unafanyiwa kazi. Kwenye bendera wamechora faili, na chini ya faili maneno mawili: LIPO MEZANI.

Kila Jumatatu asubuhi Rais wao, ambaye sheria inataka aitwe Baba Mlezi, anahutubia redioni. Hotuba ni ile ile. "Vijana! Acheni kulalamika! Jiajirini!" Kisha unapigwa muziki. Vijana wanasikiliza, wanaguna, wanarudi kwenye drafti. Miaka kumi na moja hotuba inasomwa, na serikali ilikuwa imetulia tuli, kwa sababu hakuna mtu aliyewahi kuitii.

Mpaka akatokea Shaweji.

Shaweji Kidunda alikuwa na mwaka mmoja tangu amalize shule. Cheti anacho. Mama yake alikitia plastiki akakitundika ukutani karibu na kalenda ya mwaka juzi, na vyote viwili vilikuwa na kazi moja, kuziba ufa. Lakini mkono sasa! Mpe brashi, mpe ubao, mwambie aandike SALUNI, ataiandika hiyo saluni mpaka mwenye upara atake kusuka.

Mkono huo alifundishwa na mjomba wake, Mzee Ngwali, mchora mabango wa miaka thelathini. Miaka yote thelathini Mzee Ngwali alikuwa deiwaka: anaitwa na fundi mwenye jina, anachora kutwa, jioni anaondoka. Sasa mafundi wa mabango wana kawaida yao. Ukimaliza bango, unashuka kule pembeni chini, unaandika kwa herufi ndogo jina lako na namba ya simu. Kazi inayofuata inatokea pale. Mzee Ngwali alikuwa na mabango tisa Mtaa wa Sokoni peke yake, na chini ya yote tisa kuna majina ya watu wengine.

"Bango lisilo na jina lako pale pembeni, mjomba," alikuwa akimwambia Shaweji, "ni mtoto umemzaa wewe, jina akapewa na jirani."

Basi kijana wa watu alikuwa na hamu moja tu. Hakutaka gari, hakutaka kwenda ng'ambo. Alitaka bango moja lenye jina lake pale pembeni.

Na bango lilipatikana. Bi Kulwa, jirani yao, alikuwa anataka kufungua kibanda cha supu, akampa ubao wa mninga umepakwa rangi nyeupe. "Niandikie KULWA SUPU ASUBUHI, mwanangu. Na iwe ya kuvutia, mtu akiisoma tu aanze kumeza mate." Shaweji akapiga mistari ya chaki, akafungua kopo la rangi nyekundu, akachovya brashi. Hajagusa ubao, akatokea Mzee Lukwale, mwenyekiti wa mtaa, na daftari lake kwapani.

"Wewe! Unafanya nini hapo?"

"Shikamoo mwenyekiti. Nachora bango la Bi Kulwa."

"Marahaba. Umeajiriwa na nani?"

"Nimejiajiri. Si Baba Mlezi kasema?"

Mwenyekiti akacheka, akamhurumia. "Baba Mlezi kasema mjiajiri. Kasema muanze kazi?"

Shaweji akaishusha brashi.

"Sikiliza kijana. Ukichora kwa kujifurahisha, mimi sina neno. Lakini ukishaandika jina na simu pale pembeni, umejitangaza. Kujitangaza bila barua ya kujiajiri ni kosa. Brashi zinachukuliwa na wewe mwenyewe unachukuliwa."

"Mwachie mtoto achore!" Bi Kulwa alitoka na mwiko mkononi. "Mimi supu nitaanza lini?"

"Mama, mimi nafuata utaratibu."

"Huo utaratibu unakunywa supu?"

Mzee Ngwali, aliyekuwa amekaa kwenye ndoo iliyofudikizwa, akasema taratibu, "Chora, mjomba. Uache tu pale pembeni. Mbona mimi niliacha."

Shaweji akaifuta brashi. "La kwanza hapana, mjomba. La kwanza nikiliacha bila jina, la pili nitaanzia wapi?"

Akavaa shati la shule, maana ndilo lilikuwa na kola, akaenda kutafuta barua.

*

Wizara ya Vijana, Kujiajiri na Mengineyo ina ghorofa tisa. Idara ya Kujiajiri ipo ya nane. Lifti ilikuwa kwenye mchakato. Shaweji akapanda ngazi, akafika juu roho iko kooni, akakuta ukumbi wenye meza arobaini na mbili na watumishi arobaini na wawili, wote wameajiriwa.

"Umepotea," mtumishi wa kwanza akamwambia bila kuinua macho kwenye gazeti. "Pasipoti ni jengo la pili."

"Sijapotea. Nimekuja kujiajiri."

Gazeti likashuka.

"Rudia."

"Nimekuja kujiajiri."

Mtumishi akasimama polepole, kama mtu aliyeona swala kaingia sebuleni na hataki kumshtua. "Jamani," akaita, "njooni. Njooni muone. Yupo." Wakaja wote. Wakamzunguka. Mmoja akamgusa bega. Mama mmoja mtu mzima akatoa leso akafuta machozi. "Miaka kumi na moja naandika ripoti zenu," akasema, "sikujua kama mpo." Wakapiga naye picha, mmoja mmoja, kisha ya pamoja. Halafu kila mtu akarudi kwenye meza yake, na Shaweji akabaki amesimama katikati kama mwanzo.

Aliyemhudumia alikuwa Bwana Ndaki, Afisa Kujiajiri Mwandamizi, mtu mwenye kalamu nne mfukoni na hakuna hata moja inayoandika. Akaazima ya tano.

"Anayeajiri ni nani?"

"Mimi."

"Na anayeajiriwa?"

"Mimi huyo huyo."

"Basi tunahitaji wote wawili. Yule anayeajiriwa aandike barua ya maombi kwa yule anayeajiri. Yule anayeajiri ajibu. Zote zipite posta."

"Nijiandikie barua mwenyewe?"

"Kwa adabu," alisema Bwana Ndaki. "Usije ukamuandikia bosi wako kama unamuandikia rafiki yako."

Shaweji akashuka ghorofa nane, akanunua karatasi, akaandika: Ndugu Shaweji, husika na kichwa cha habari hapo juu, mimi ni Shaweji. Akatia stempu, akaituma. Kesho yake ikamfikia. Akaisoma, akaona kijana anafaa, akajijibu palepale: Ndugu Shaweji, ombi lako limekubaliwa. Akazipeleka zote mbili wizarani huku anachekacheka.

Bwana Ndaki akatazama tarehe. Uso ukamkunjamana.

"Barua imepokelewa tarehe sita. Imejibiwa tarehe sita."

"Ndiyo."

"Mwajiri gani anajibu barua siku hiyo hiyo? Huyo si mwajiri, huyo ni tapeli." Akazichana. "Kwa mujibu wa sheria, mwombaji anajibiwa baada ya siku tisini, na lazima awe ameshapita kuulizia mara tatu na kuambiwa arudi kesho."

"Ananiambia nani nirudi kesho?"

"Wewe. Tutamtuma mkaguzi."

Siku tisini bwana. Mara tatu Shaweji alisimama nje ya mlango wa chumba chake, akabisha hodi, akazunguka akaingia kwa dirishani, akafungua mlango, akasema, "Mhusika katoka kidogo, rudi kesho." Mkaguzi wa wizara amekaa kwenye kigoda, anaandika. Mara ya pili mkaguzi alimkaripia: "Unajijibu kwa upole sana. Kaza sauti." Mama yake akapita na beseni la vyombo, akatikisa kichwa. "Mimi nilijua shule inaharibu macho," akasema. "Kumbe inapanda juu zaidi."

Wakati huo ubao wa Bi Kulwa umeegemezwa kibandani, mweupe pe. Supu yake hakuna anayejua kama ipo. Watu wawili walisimama wakamuuliza, "Mama, huo ubao unauzaje?" Akawatolea mwiko.

*

Siku ya tisini na moja Shaweji alipanda ngazi na jibu lake mkononi, lenye tarehe safi na ukali wa kutosha. Bwana Ndaki akampongeza. Kisha akamwambia tatizo dogo lililobaki.

"Hii sasa ni ajira. Na ajira yoyote Mchakato lazima itangazwe. Haki, uwazi na usawa."

"Itangazwe kwa nani?"

"Kwa umma. Watu waombe."

"Waombe kuwa mimi?"

"Ukiwa unafaa una wasiwasi gani?"

Tangazo likatoka gazetini Ijumaa. NAFASI YA KAZI: SHAWEJI KIDUNDA (MMOJA). Awe na shahada ya kwanza au zaidi. Awe na uzoefu usiopungua miaka mitano wa kuwa Shaweji. Awe tayari kufanya kazi chini ya shinikizo. Shaweji akasoma mara mbili. Shahada hana. Uzoefu anao wa miaka ishirini. Akatuma.

Walioomba walikuwa mia tatu na kumi na wawili. Foleni ilizunguka wizara ikarudi ikajikuta yenyewe. Shaweji akakuta humo nusu ya darasa lake, wamechomekea, wana bahasha. Mmoja wao, Hizza, aliyekaa naye dawati moja, akainamisha uso.

"Oya, Shaweji. Usinichukie mwanangu. Maisha magumu."

"Na wewe, Hizza?"

"Nikiipata nitakukumbuka. Wallahi sitakusahau."

Ndani, jopo la usaili lilikuwa na viti vitano. Kiti cha tano kiliandikwa MWAJIRI, na mwajiri ni Shaweji. Kwa hiyo alipoingia kusailiwa alitakiwa aketi kule akiuliza, akimbie huku akijibu. Alijiuliza swali moja tu, akakimbia, akajibu vizuri, akarudi mbio kujipa alama, mwenyekiti wa jopo akagonga meza.

"Samahani. Mwajiri ana undugu na msailiwa?"

"Ni mimi mwenyewe!"

"Mgongano wa maslahi," akasema mwenyekiti, na wenzake wakatikisa vichwa kwa masikitiko, watu ambao wote wanne waliingia wizarani kwa simu ya shangazi. Wakakitoa kiti cha tano.

"Kwa nini unataka kuwa Shaweji?" akauliza mwenyekiti.

"Mimi? Sikutaka. Nilizaliwa tu."

Wakaandika wote kwa pamoja: hana ari.

"Ukipewa nafasi hii, miaka mitano ijayo unamuona Shaweji wapi?"

"Juu ya ngazi, anachora bango."

Wakaandika: hana maono.

Matokeo yakabandikwa ukutani. Shaweji alikuwa wa pili. Wa kwanza, kwa alama tisini na nne, alikuwa Kelvin, mpwa wa Waziri. Yeye alipoulizwa swali lile lile alijibu kwamba tangu utotoni alikuwa na ndoto ya kuwa Shaweji, jopo likapiga makofi limesimama.

Macho yakamtoka Shaweji kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akapanda tena ghorofa nane.

"Nataka kukata rufaa!"

"Haki yako," alisema Bwana Ndaki. "Ila rufaa ya Shaweji inaletwa na Shaweji mwenyewe." Akamtazama kwa upole kabisa. "Wewe unaitwa nani?"

*

Kelvin, kusema kweli, hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtoto laini, anapenda usingizi na chipsi. Alipewa ofisi, gari, dereva na kitambulisho kilichoandikwa SHAWEJI KIDUNDA, AMEJIAJIRI. Kazi yenyewe ilimshinda kuielewa, lakini kazi za namna hiyo hazihitaji kueleweka. Mkataba ulimtaka amtembelee mama yake kila mwisho wa mwezi, basi akawa anakwenda kweli kwa Mama Shaweji, na kilo mbili za sukari, anaamkia, anakaa kwenye mkeka, anaonyeshwa cheti ukutani.

"Huyu Shaweji wa serikali ana adabu," mama akamwambia mwanawe. "Wewe sukari uliniletea lini?"

"Mama! Huyo si Shaweji!"

"Najua, baba. Lakini sukari ni sukari."

Mtaani wakaanza kumwita Zamani. "Zamani, mambo?" "Zamani, pisha gari la Shaweji lipite." Bi Kulwa peke yake ndiye aliyeendelea kumwita jina lake, na kila akimwita anauliza bango. Shaweji angeweza kulichora. Angelichora asubuhi moja, akaacha pembeni peupe, hakuna ambaye angemgusa. Alikuwa anausogelea ule ubao, anaushika, anauacha. Mzee Ngwali anamwangalia tu, maana alijua vizuri kuliko wote siku ya kwanza ya kuacha inavyokuwa.

Ndipo ikakaribia Siku ya Taifa ya Kujiajiri. Ya kwanza, kwa kuwa sasa taifa lilikuwa na mtu. Wizara ikaamua Baba Mlezi atazindua bango kubwa kama nyumba, limesimamishwa uwanjani, limechorwa kwa mkono na mjiajiri mwenyewe.

Siku tano kabla, gari likasimama mbele ya kibanda cha Bi Kulwa. Akashuka Kelvin, jasho linamtiririka.

"Kaka, naomba tuongee."

"Ongea, Shaweji," alisema Shaweji.

"Usinifanyie hivyo kaka. Sikia. Wanataka bango. Mimi hata penseli nikishika inanikwepa. Njoo unipigie deiwaka. Siku nne tu. Chakula juu yangu, rangi juu ya wizara."

Mzee Ngwali akacheka kicheko kikavu. "Umeona, mjomba? Njia ni ile ile. Utachora wewe, jina atatia yeye."

Shaweji alikuwa ameshafungua mdomo kumfukuza Kelvin. Akaufunga. Akamgeukia mjomba wake.

"Atatia jina gani?"

"Jina lake."

"Jina lake nani, mjomba? Soma kitambulisho."

Mzee Ngwali akatazama kile kitambulisho kinachoning'inia shingoni kwa Kelvin. Akalisoma jina, herufi moja moja. Kisha akainuka kwenye ndoo, akaenda kutafuta viatu.

Walichorea kwenye gereji ya wizara, mchana kweupe. Shaweji juu ya ngazi, Mzee Ngwali chini ameishikilia, Kelvin pembeni na chipsi zake anasifia. "Duh. Hiyo J kaka! Hiyo J inatembea!" Maneno yalikuwa: VIJANA JIAJIRINI, MIMI NIMEWEZA. Siku ya nne Bwana Ndaki akaja kukagua na mwongozo wa kurasa sitini.

"Pembeni hapa chini mbona patupu? Mwongozo unasema jina la mhusika liwepo."

"Jina lipi, mzee?" aliuliza Shaweji kutoka juu, sauti ya unyenyekevu kama ya mtu anayeomba maji.

"Kuna majina mangapi? Shaweji Kidunda!"

"Na namba ya simu?"

Bwana Ndaki akamgeukia Kelvin. Kelvin akatikisa mkono wenye mafuta. "Weka yako kaka. Mimi watu wakinipigia nachoka."

Shaweji akashuka ngazi, akachuchumaa, akachukua brashi nyembamba kuliko zote. Akaupangusa mkono kwenye suruali. Kisha akaandika: Kazi ya Shaweji Kidunda, na namba yake chini, tarakimu moja moja. Mzee Ngwali akavua kofia yake, akaishika kifuani, akajifanya anapunga inzi.

*

Siku yenyewe uwanja ulijaa, maana shule zote zilifungwa na wanafunzi wakahesabiwa getini. Kulikuwa na gwaride la watumishi arobaini na wawili wa Idara ya Kujiajiri. Waziri alisema maneno machache, ya saa mbili. Kisha Baba Mlezi akavuta kamba, pazia likaanguka, na uwanja mzima ukasema aaah, na safari hii hakuna aliyelazimishwa.

Baba Mlezi akasimama mbele ya bango. Akalisoma. Kamera za televisheni zikalipitia kutoka juu mpaka kule chini pembeni, zikatulia pale muda mrefu.

"Nani kafanya hii?"

"Shaweji, Mheshimiwa!"

"Aje."

Akaja Kelvin na suti ya bluu.

"Kijana, nimefurahi. Sasa," Baba Mlezi akaagiza, na ubao mweupe ukaletwa mbio, "niandikie hapa jina langu. Hapa hapa, nikiona."

Waziri akafumba macho. Kule jukwaa la wananchi Shaweji akasimama bila kujijua.

Kelvin akachovya brashi yote mpaka kwenye ngumi. Herufi ya kwanza ilitoka kama mende aliyekanyagwa. Ya pili ikaiangukia ya kwanza. Ya tatu hakuna hata leo anayejua ilikuwa ipi. Rangi ikachuruzika ikaingia kwenye kiatu cha Baba Mlezi. Alipomaliza, uwanja ulikuwa kimya, unamsikia nzi anajikuna.

Baba Mlezi akainamisha kichwa upande mmoja. Akainamisha upande wa pili. Mawaziri wote wakainamisha vichwa upande wa pili.

"Mbona hii na ile hazifanani?"

Waziri, mjomba wa Kelvin, akaruka kutoka kitini. "Mheshimiwa! Ile ni ya kale! Hii ni ubunifu! Kijana kaivunja minyororo ya herufi za mkoloni!" Na akaanza kupiga makofi, peke yake, kwa nguvu, kama mtu anayepiga mbu kitanda kizima.

Ikapita ile dakika ambayo kila mtu wa Mchakato anaijua, unapomwangalia jirani yako kuona kama yeye kaona ulichoona. Kisha uwanja mzima ukapiga makofi.

"Nilijua," alisema Baba Mlezi. "Kuanzia leo hizi ndizo Herufi za Taifa."

*

Sheria ikapita baada ya siku tatu tu, kwa hati ya dharura. Kelvin akafanywa Mkurugenzi wa Herufi. Herufi za zamani zikapigwa marufuku, ofisi zote zikapakwa upya. Mwezi haukuisha, watu wakawa wanazunguka mjini kama kuku aliyetiwa kitambaa machoni. Mama mjamzito alishusha begi lake ofisi ya kodi, na kabla hajaeleza shida yake akaambiwa mtoto naye anadaiwa. Mzee mmoja aliyetaka kumshtaki jirani yake alijikuta hospitali, akatolewa jino. Wizara yenyewe iliandika kwenye mlango wake NAFASI YA KUJIAJIRI IMEJAA, lakini hakuna aliyeweza kuisoma, na foleni ikawa inaongezeka kila asubuhi.

Na simu ya Shaweji ikaanza kuita.

Wa kwanza alikuwa mwenye duka la dawa. Alinong'ona. "Wewe ndiye yule wa kwenye bango? Wa pale pembeni? Nakuomba, niandikie DAWA. Ile ya zamani. Inayosomeka." Akafuata mwenye gereji. Akafuata kinyozi, kisha msikiti, kisha kanisa. Ikaja simu ya mama mmoja mwenye sauti ya kiyoyozi, anataka bango la nyumba yake ya wageni, akasisitiza mume wake Waziri asijue. Mzee Ngwali akawa anashika daftari la miadi, ameweka kalamu sikioni, na kila ukurasa anauanza kwa kuandika juu jina la mpwa wake, bila sababu yoyote ya maana, kwa raha zake tu.

"Tunaanza na nani?" akauliza.

"Unauliza?"

Wakaenda kwa Bi Kulwa. Ubao ulikuwa umeingia vumbi la miezi, wakaufuta. Shaweji akapiga mistari ya chaki, akafungua kopo, akaandika KULWA SUPU ASUBUHI, herufi zimenyooka kama watoto wa mwalimu mkali. Hajafika ASUBUHI, watu watatu walikuwa wameshashika bakuli. Ameshainama pale pembeni kumalizia, akaona viatu. Juu ya viatu Mzee Lukwale, mwenyekiti wa mtaa, daftari kwapani.

"Wewe. Hizo ni herufi zilizopigwa marufuku."

"Ndiyo, mwenyekiti."

"Na barua ya kujiajiri huna."

"Sina."

Mwenyekiti akatazama kushoto. Akatazama kulia. Akachuchumaa, magoti yakalia.

"Sikia, mwanangu," akasema kwa sauti ndogo. "Ofisi yangu wameipiga zile zao. Wiki hii nimeletewa mbuzi wanne kuchanjwa. Jana mtu kanivulia shati, anataka nimpime kifua. Nichoree na mimi. Hata kadogo. Lini utakuja?"

Bi Kulwa akasimamisha upawa hewani. Mzee Ngwali akafungua daftari, akalifunga.

Shaweji akachovya brashi nyembamba, akaikung'uta kwenye mdomo wa kopo, akaandika jina lake pale pembeni, pole pole, mpaka herufi ya mwisho. Ndipo akainua uso.

"Andika barua ya maombi, mwenyekiti," akasema. "Kwa adabu. Upite na kuulizia mara tatu. Mimi siku ya tisini nitakujibu."